Huyu ni Nani kwa Yule?

Wanangu wa Marereni, kuna swali linaloulizwa kila panapoonyeshwa filamu, na mara nyingi huulizwa kwa kunong'ona kwa sababu mwulizaji anaona haya: "Huyu tena ni nani?" Filamu imefika katikati. Watu kumi na zaidi wameshapita mbele ya macho, mmoja amelia, mwingine ametoka nyumbani usiku na mkoba, na mwulizaji bado hajui kama yule aliyelia ni mke, dada au mdai. Basi leo nataka niwafunze kuziangalia hadithi za namna hiyo, ambazo ndugu, marafiki, wapenzi na majirani wameshikana mpaka hujui pa kuanzia. Tulieni mnisikilize, kwa kuwa funzo lake tutalihitaji hata filamu ikiisha.

Filamu nyingi mlizozoea zina stelingi. Ukiingia katika banda la video ukamkuta DJ Afro anaitafsiri sinema ya kigeni kwa Kiswahili chake cha mtaani, stelingi utamjua mara moja, na adui utamjua muda si muda. Kazi yako ni kukaa upande wa stelingi mpaka adui aanguke. Lakini kuna watengenezaji filamu wanaokataa njia hiyo. Robert Altman wa Marekani alitoa filamu iitwayo Nashville mwaka 1975, na ndani yake kuna wahusika wakuu 24. Ishirini na wanne! Huwezi kumtafuta stelingi humo. Kila mtu ni stelingi nyumbani kwake, na pengine ni adui nyumbani kwa jirani.

Ninyi mna bahati. Mmekulia mahali ambapo mtoto mdogo anajua shangazi ni nani na mjomba ni nani, anajua heshima ya baba mkubwa na mzaha wa shemeji. Mmekulia pia katika mji wa kando ya barabara kuu ya kutoka Malindi kwenda Garsen na Lamu, ambako Mgiriama, Mbajuni, Muorma na mtu wa bara aliyekuja kutafuta kazi ya chumvi wananunua maji na mkate kwenye duka moja. Mtoto aliyezoea kuuliza "huyu ni nani kwa yule?" harusini na matangani hashindwi na filamu yoyote duniani. Anachohitaji ni kujua vifungo vinavyowafunga watu, halafu avitazame vinavyokaza.

Vifungo hivyo ni vinne. Cha kwanza ni damu, ambacho unapewa kabla hujaomba. Cha pili ni ndoa, kinachounganisha koo mbili hata kama wanaooana ni wawili tu. Cha tatu ni urafiki, ambacho mtu hujichagulia mwenyewe. Cha nne ni deni, na hapa simaanishi pesa peke yake. Wema nao ni deni, na aghalabu deni la wema ndilo gumu zaidi kulilipa. Kila mtu kwenye filamu amefungwa kwa vifungo viwili, vitatu au vyote vinne. Siku vinapomtaka afanye jambo moja, maisha yanakwenda. Siku kimoja kinamwambia nenda na kingine kinamwambia kaa, hapo hadithi imeanza.

Tuanze na filamu ya lugha yetu. Mwandishi Adam Shafi wa Zanzibar alitoa riwaya ya Vuta N'Kuvute mwaka 1999, na wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania wameisoma darasani. Mwongozaji Amil Shivji akaigeuza filamu, na mwaka 2021 ikaonyeshwa katika tamasha la kimataifa la filamu la Toronto, Kanada. Ni hadithi ya Unguja ya miaka ya 1950, Waingereza bado wanatawala. Binti wa Kihindi, Yasmin, anaozwa kwa Raza, mwanamume aliyemzidi umri mno. Binti hataki. Anatoroka, na jamaa zake wanamkataa kwa sababu amewatia aibu. Anakwenda kubisha hodi kwa Mwajuma, rafiki yake Mwafrika anayeishi Ng'ambo. Huko anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru na ambaye polisi wa mkoloni wanamwinda.

Sasa mtazameni Yasmin kwa vile vifungo vinne. Damu inamwambia arudi kwao akaombe radhi. Ndoa inamwambia ana mume. Urafiki umempa kitanda cha kulala na sahani ya kula, na hakuna aliyemlazimisha Mwajuma kumpa. Na tangu siku ile Yasmin ana deni kwa Mwajuma. Halafu mapenzi yanaingia, na yanaingia kwa mtu ambaye naye si huru: Denge anampenda binti, lakini ameshajitoa kwa jambo kubwa kuliko nyumba ya watu wawili. Anayempenda Denge anaipenda pia hatari yake. Mwajuma naye, kwa kufungua mlango tu, ameiweka nyumba yake machoni pa watu. Jina la hadithi limekaa mahali pake. Hakuna hata mmoja anayevuta bila kuvutwa.

Angalieni jambo jingine hapo. Waliomkataa Yasmin ni ndugu wa damu. Aliyempokea hana damu naye, na watu wa zama zile waliwatenga kwa rangi na kwa mtaa. Shafi na Shivji hawasemi damu haina maana. Laiti isingekuwa na maana, kukataliwa kusingemuuma binti. Wanatuonyesha kwamba damu ikiamua kuhesabu aibu kuliko mtoto, mlango wa rafiki unaweza kuwa ndio nyumbani.

Filamu ya pili ni ya hapa Kenya, na shujaa wake ni mdogo kuliko wengi wenu. Inaitwa Supa Modo, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Jo ni msichana wa miaka tisa, mgonjwa wa maradhi ambayo hatapona. Anapenda filamu za mashujaa wanaoruka angani. Mamake anamtoa hospitali amrudishe kijijini ili siku zake zilizobaki azimalizie nyumbani. Mama anataka mtoto apumzike, awe karibu, asiumie. Dadake mkubwa, Mwix, anaona mdogo wake anafifia ndani ya chumba, na anaamua kumfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Anawashawishi watu wa kijiji waingie katika mchezo huo, wajifanye wameganda Jo anapowaamuru wagande.

Hapo hakuna adui hata mmoja, lakini nyumba inawaka moto. Mama na binti wanagombana vikali, na ukimwuliza kila mmoja anagombania nini, atakupa jibu lile lile: Jo. Mama anampenda kwa kumlinda. Dada anampenda kwa kumpa furaha. Mapenzi mawili ya kweli yamekutana kwenye mlango mmoja na hayawezi kupita pamoja. Filamu mbaya ingemfanya mama kuwa mkali asiye na moyo, ili sisi tumshangilie dada. Wainaina hakufanya hivyo. Anakukalisha karibu na mama mpaka unaona kwamba ukali wake ni woga, na unamwona dada mpaka unaogopa kwamba mchezo wake unaweza kumchosha mtoto. Mwisho wake sitawaambia. Itafuteni muione, na mkiwa na mdogo wenu mgonjwa au nduguye rafiki yenu, iangalieni mkiwa na mtu mzima kando.

Ya tatu inatoka mbali kidogo, lakini aliyeitengeneza ni jirani. Mira Nair alizaliwa India, akaweka makao Kampala, na hapo Kampala akaanzisha Maisha Film Lab, mahali ambapo vijana wengi wa Afrika Mashariki wamefunzwa kuandika na kuongoza filamu. Mwaka 2001 filamu yake Monsoon Wedding ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice. Ni harusi moja tu, Delhi, mvua za masika zikikaribia. Jamaa wanafika kutoka pembe zote za dunia. Bibi harusi, Aditi, anakwenda kuolewa na mtu aliyechaguliwa na wazazi huku moyo wake haujaachana na mtu mwingine. Babake, Lalit, anahesabu gharama usiku hapati usingizi. Mpangaji wa harusi anampenda mtumishi wa nyumba. Watu ni wengi, nyimbo ni nyingi, na mwanzoni utachanganyikiwa.

Katikati ya shangwe hiyo kuna siri. Ria, binamu wa bibi harusi, alifiwa na babake, na Lalit akamlea kama mwanawe. Kwenye harusi anafika Tej, mume wa dadake Lalit, mtu tajiri anayeheshimiwa, aliyeisaidia familia ilipokuwa na shida. Wote wanamshukuru. Ria peke yake anajua kwamba mtu huyo alimdhuru alipokuwa mtoto mdogo, na sasa anamwona anamkaribia mtoto mwingine wa familia. Ria ananyamaza, ananyamaza, mpaka hawezi tena, na anasema mbele za watu.

Siri ndani ya familia huenda kama maji ya mabwawa yetu ya chumvi. Maji ya bahari yakisukumwa katika bwawa la kwanza, huoni tofauti; ni maji tu. Yanahamishwa la pili, la tatu, jua linayapiga, yanapungua na kukolea, na hakuna aliyetia kitu ndani yake. Yakifika bwawa la mwisho yameganda, meupe, makali, na huna budi kuyakwangua kwa jembe. Alichokifanya Ria siku ya harusi ni kukwangua kitu kilichokuwa kikikolea miaka yote, huku watu wakipita kando yake na kudhani ni maji.

Na sasa mtazameni Lalit, kwa kuwa filamu yote inamgeukia yeye. Kwa Tej ana deni kubwa la wema, na ana kifungo cha ndoa kupitia dadake. Kwa Ria ana damu ya marehemu kakake na amana ya kumlea. Akimfukuza Tej, atamvunja dadake na kuonekana mtovu wa shukrani mbele ya ukoo mzima. Akinyamaza, atakuwa amemwuza mtoto kwa fadhila. Jamaa wanakusanyika mbele ya picha ya marehemu babake Ria, na hapo, mbele ya picha ile, Lalit anamwomba Tej aondoke nyumbani kwake. Halafu harusi inaendelea, mvua inanyesha, watu wanacheza. Mira Nair anatuambia wazi: deni la wema halilipwi kwa mtoto.

Hapa nasimama kidogo niwaambie ninyi wenyewe, maana hii siyo hadithi ya India tu. Mtu mzima akikudhuru au akikugusa isivyo haki, akakuambia ni siri yenu, hata kama ndiye anayelipa karo, hata kama ni jamaa, siri hiyo siyo ya kutunzwa. Mwambie mtu mzima unayemwamini, na asipokusikiliza mwambie wa pili na wa tatu. Hapa Kenya kuna namba ya kusaidia watoto, 116, na kuipiga ni bure.

Turudi kwenye ufundi sasa. Tubuni filamu yetu sisi, hapa hapa Marereni, watu wake wote wa kutunga. Kuna mzee, tumwite Kahindi. Kuna mjukuu wake wa kiume, naye anaitwa Kahindi, kwa sababu Wagiriama humpa mtoto jina la babu yake. Kuna dadake kijana huyo, Mapenzi, yuko kidato cha nne. Na kuna rafiki mkubwa wa Mapenzi, Halima, ambaye babake ni nyapara kwenye kiwanda cha chumvi. Babake Mapenzi alifariki, na nyapara huyo, aliyekuwa sahibu wake, amekuwa akimlipia Mapenzi karo tangu siku hiyo.

Fundo letu tutalitoa wapi? Kwenye historia ya mahali. Makampuni ya chumvi yalipewa ardhi kubwa katika pwani hii ya Magarini tangu miaka ya 1970, na wananchi wengi wakalalamika kwamba waliondolewa mashambani mwao, minazi na mikorosho ikakatwa, visima vikaingia chumvi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuja kusikiliza malalamiko hayo hadharani mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikatoa ripoti yake. Kwa hiyo kwenye filamu yetu kutakuwa na kikao kama hicho. Mzee Kahindi ameitwa aseme shamba lake lilivyochukuliwa. Kahindi kijana ni kibarua wa siku kwenye mabwawa hayo hayo, na ameahidiwa kazi ya kudumu. Nyapara anamwita kando, kwa upole kabisa, anamwomba amshauri babu abaki nyumbani siku ya kikao. Mapenzi, aliyekuwa jikoni na Halima, anasikia.

Hesabuni vifungo. Kijana ana damu kwa babu na ana tumbo la kulisha. Mapenzi ana damu kwa babu, urafiki kwa Halima na deni la karo kwa babake Halima. Halima anampenda babake na anampenda rafiki yake. Nyapara mwenyewe je? Msimfanye jini. Alimwahidi sahibu yake akifa kwamba wanawe hawatalala njaa, na anaamini kweli kwamba mzee akisema, kijana atafukuzwa kazi. Anaomba ukimya kwa nia ya kuilinda nyumba ile ile ambayo ukimya huo utaiumiza.

Na sasa onyesho. Ni jioni. Mapenzi ameteleka sima, ameandaa na mchunga, ameweka kopo la chumvi katikati ya mkeka. Babu anaonja mboga, anasema haijakolea, ananyoosha mkono kwenye kopo. Kahindi kijana anasema ameileta yeye leo, kutoka kazini. Mkono wa babu unasimama juu ya kopo. Anamtazama mjukuu wake viganja, vilivyopasuka kwa maji ya chumvi. Kisha anachota kidogo, anatia, anakula, wala hasemi neno. Mapenzi anawatazama wote wawili, ana jambo mdomoni, na mlangoni Halima anabisha hodi akiwa na bahasha ya karo.

Hapo sijaandika hotuba hata moja, lakini mtazamaji ameshajua nani anampenda nani, nani ana deni kwa nani, na nani anaficha nini. Katika filamu ya watu wengi, onyesho zuri hukutanisha vifungo viwili mahali pamoja na kuviacha vivutane mbele yetu. Filamu ikishindwa, mara nyingi ni kwa sababu watu wamekusanywa bila kufungwa: rafiki yupo ili achekeshe tu, shangazi yupo ili alalamike tu. Mtu asiye na kinachomvuta mtoeni kwenye hadithi, wala hakuna atakayemkumbuka.

Kwa hiyo mkikaa kutazama, iwe ni filamu au tamthilia ya jioni ya nyumbani, jiulizeni maneno matatu juu ya kila anayeingia. Amefungwa na nani, na kwa kifungo gani? Anajua nini ambacho mwenzake hajui? Atapoteza nini akisema kweli leo? Mkiyajua hayo matatu, majina mnaweza kuyasahau na bado hadithi ikawa mikononi mwenu.

Faida yake kubwa ni hii. Mtu akizoea kuuliza hivyo juu ya watu wa kwenye filamu, ataanza kuuliza juu ya watu wa nyumbani. Kaka amekuwa mkali siku hizi: je, anavutwa na nani? Shangazi hakuja harusini: je, ana deni gani na baba? Rafiki amenyamaza ghafla: je, ameambiwa afiche nini? Kujua hakumaanishi kusamehe kila kitu. Lalit alijua fadhila zote za Tej, na alimtoa. Lakini mwenye kujua hukata shauri kwa haki, na asiyejua hukata shauri kwa hasira.

Shule zetu zina tamasha la kitaifa la drama na filamu kila mwaka, na wanafunzi hushindana kwa filamu walizozitengeneza wenyewe. Simu mnazo, jua la Marereni halijawahi kuwa haba, na watu wenye mambo ya kusimulia wamewazunguka kutoka Gongoni hadi Kurawa. Kaeni na wazee wenu, wasikilizeni, muandike. Na mkiandika, msimwonee mtu hata mmoja katika hadithi yenu: mpeni kila mmoja sababu yake, hata yule mliyekusudia awe adui.